Jiko na daining bila ukuta katikati, baridi ya Juni Dodoma: radieta hapana, sasa tuweke nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Iyumbu hapa Dodoma, nalifupisha: "Kwetu jiko, daining na sehemu ya kukaa ni chumba kimoja kikubwa, kama mita 8 kwa 5, taili zimeshawekwa, dari ya jipsamu, bati la msauzi. Upande mmoja ni makabati mwanzo mwisho, upande mwingine ni milango ya alminiamu ya kuslaidi inayotazama kusini mashariki, huko huko upepo unakotoka. Mama mkwe katoka Pangani, yuko na sisi tangu Machi, na tangu Juni ianze anatetemeka, jioni analivuta jiko la mkaa analiweka miguuni hapo hapo daining. Kaka yangu yuko Uingereza, anasema tufunge radieta (yale mabati ya ukutani yanayopashwa na maji ya moto) kama kwake. Fundi anasema hakuna ukuta wa kuzipachika, mwingine anasema tuweke joto chini ya sakafu, mwingine tujenge dohani, dukani nimeonyeshwa hita ya gesi yenye matairi. Nifanye nini, na umeme utanila kiasi gani?"

Dada, kabla ya yote, lile jiko la mkaa kuanzia leo lisiingie ndani. Sikutishi. Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, haina rangi, haiwashi macho, na ule mkaa uliokolea mwekundu hautoi moshi, ambao watu wengi wanaamini ndo salama, ndo huo huo unaoitoa. Ikiingia kwenye damu inashikilia ile sehemu inayobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, mtu anaanza kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kausingizi, anadhani ni uchovu tu anaenda kulala. Mpaka leo kilichowasaidia ni hiyo milango inayovuja upepo. Na karibu kila nitakachokuambia huku chini kinaanza na kuziba upepo, kwa hiyo ukiziba huku mkaa bado uko ndani umetega mtego wa familia nzima. Mpe bi mkubwa shikamoo yangu, na umwambie mkaa anabadilishiwa na kitu kizuri zaidi, asione kama ananyang'anywa.

Kwa usiku wa leo tu, kabla hamjanunua chochote: zulia nene chini ya kiti chake (taili zinavuta joto la miguu vibaya sana), soksi za sufu, na ile chupa ya mpira ya maji ya moto, isijazwe maji yanayochemka na iviringishwe taulo maana ngozi ya mzee inaungua bila yeye kusikia mapema. Haitoshi, ila inavusha wiki mbili tatu wakati mnajipanga.

Haya, tuje kwenye baridi yenyewe, maana hapa ndo watu wanapotea wakaishia kununua mtambo wa nchi nyingine. Dodoma iko mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai usiku inashuka mpaka 13 au 14 hivi, mchana inapanda tena 26 au 27. Kwa mtu wa Pangani ambaye usiku wa Julai kwao bado ni kwenye 20, hiyo ni baridi kweli, mama wa watu hadeki. Ila si baridi ya siku nzima. Kuta za tofali zinakula jua mchana kutwa na kulitoa taratibu jioni, kwa hiyo nyumba yenyewe haipoi sana mpaka usiku wa manane, ubaridi wa kweli ni kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, na ile ya saa moja jioni mpaka saa nne inayolalamikiwa na kila mgeni wa Dodoma ni upepo zaidi kuliko hewa kuwa baridi. Bi mkubwa anaujua, ni kusi yule yule wa kwao, ila kwao anakuja na unyevu wa bahari na huku anafika mkavu na hakuna cha kumzuia.

Nimepiga hesabu ya kukadiria kwa vipimo ulivyonipa, dari nikaiweka mita 3. Nje 14, ndani mnataka 21, tofauti nyuzi 7. Kuta zenye plasta, vioo vya singo, dari isiyo na kitu juu yake, ukijumlisha, joto linalotoroka ni karibu kilowati 3, na zaidi ya robo ya hizo inaondoka na upepo unaopenya kwenye fremu na chini ya milango. Kilowati 3 tu. Na hapo sijatoa joto mnalolizalisha wenyewe: kila mtu aliyekaa anatoa kama wati 100, mkiwa sita mezani tayari ni wati 600 bure, jiko likipika ugali linaongeza kilowati nyingine moja au mbili, friji nalo halikai kimya. Ndo maana nina uhakika saa mnayopika hakuna anayelalamika, malalamiko yanaanza vyombo vikishaoshwa.

Sasa linganisha na kwa kaka yako. Usiku wa Januari Uingereza nje inaweza kuwa sifuri au chini ya hapo, tofauti na ndani ni nyuzi 20 na zaidi, na inakaa hivyo wiki kwa wiki, mchana na usiku. Kule radieta zina akili: boila moja inachoma gesi inayokuja kwa bomba kutoka barabarani, inapasha maji mpaka 60 au 70, pampu inayazungusha nyumba nzima, na joto kubwa linaenda na hewa inayopanda kutoka kwenye lile bati. Kaka hajakosea kwa kwake. Hapa Dodoma gesi asilia ya bomba majumbani hatuna, kwa hiyo boila yako ingekula mitungi au ingekula umeme, ungevunja plasta kupitisha mabomba, ungetafuta fundi aliyewahi kufunga mfumo huo, yote kwa ajili ya saa tatu nne kwa siku ndani ya miezi mitatu. Ni kuchinja ng'ombe ili mtu mmoja apate supu.

Na nikuambie kitu, hata hao Waingereza wenye jiko na daining vya wazi wanahangaika na swali hili hili lako. Ukuta umeisha, huku makabati huku vioo, radieta haina pa kukaa, na chumba kikiwa kikubwa hewa ya moto inapanda darini na kukimbilia kwenye ngazi na korido. Wanaishia kwenye joto la sakafu, au radieta ndefu za kusimama wima, au vihita vidogo vyenye feni vinavyofichwa chini ya makabati pale kwenye kibao cha miguuni. Hivyo vya chini ya kabati wazo lake zuri, vinatumia sehemu ambayo ingekaa bure, ila kwa vumbi la Dodoma baada ya mwezi mmoja kitakuwa kinakupulizia vumbi la moto miguuni, na kelele yake huku mnaangalia taarifa ya habari mtaichoka.

Nirudi kwenye upepo, maana hapa ndo pesa yako ya kwanza inatakiwa iende na ndo sehemu rahisi kuliko zote. Milango ya kuslaidi haizibi vizuri kiasili, kati ya jani moja na jingine kuna vile vimanyoya pembeni mwa fremu, vya nyumba nyingi vimekufa au fundi aliweka vile vya bei ya chini kabisa ambavyo vikishalala haviamki. Mwite fundi alminiamu avibadilishe vyote, virefu kidogo, vifupi havina maana. Halafu kati ya fremu na ukuta: wengi wanaacha nafasi wanafunika na plasta nyembamba inapasuka baada ya mwaka, hapo ajaze foamu ya kupuliza ndani afu silikoni nje. Mlango wa nyuma wa jikoni, chini, weka brashi au mpira. Jioni moja yenye upepo chukua kipande cha uzi au karatasi nyepesi ya chooni, zunguka nacho taratibu kwenye kila fremu, soketi za ukuta wa nje, na pale dari inapokutana na ukuta, kila kinapocheza weka alama ya chaki. Utashangaa taa za kuzama kwenye jipsamu zinavyovuta hewa kwenda juu, kila tundu la taa ni kama dirisha dogo limeachwa wazi darini.

Ila usizibe kila kitu. Mna jiko la gesi humo humo, kwa hiyo tundu la hewa la upande wa jiko libaki, na feni ya kutoa moshi iwashwe wakati wa kupika na izimwe mkimaliza, isiachwe inazunguka usiku kucha maana inavuta ile hewa yenu ya moto na kuitupa nje kwa Mungu.

Afu pazia. Pazia zito lenye kitambaa cha ndani, lifike mpaka chini ligusane na sakafu, upana wake uzidi mlango kila upande, linafanya kazi kubwa kuliko hita nyingi ninazoziona zikiuzwa. Na kama kuna tao la wazi kwenda korido ya vyumbani, tundika pazia na hapo, jioni linafungwa. Chumba cha wazi kinachukua muda kupata joto kwa sababu unapasha na korido na kila kinachofuata huko.

Jua nalo watu wa huku wanalisahau. Sisi tuko chini ya Ikweta nyuzi kama 6, kwa hiyo Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, madirisha yanayotazama kaskazini ndo yanayoingiza joto na ukuta wa magharibi ndo unaokula jua la alasiri. Upande wenu wa kusini mashariki msimu huu unapata upepo wote na jua la mchana haupati kabisa. Na bi mkubwa, kwa jinsi ulivyoeleza, anakaa huko huko kwenye milango ya vioo! Mhamishieni kiti na meza kona ya kaskazini magharibi, mgongo wake uelekee ukuta uliopigwa jua. Mapazia ya kaskazini yafunguliwe saa nne asubuhi, yafungwe saa kumi na moja jioni kabla hapajapoa. Hiyo haina gharama hata mia.

Dari ndo ya mwisho kwenye kuziba. Usiku wa Juni Dodoma hauna mawingu, bati linatupa joto kwenda angani mpaka linakuwa la baridi kuliko hata hewa ya nje, na kati yenu na bati kuna kibao cha jipsamu tu. Wagogo na tembe zao za paa la udongo, fupi, kuta nene, vidirisha vidogo, walikuwa wamelimaliza hili zamani sana, sisi tukaja na kenchi ndefu na bati tukalirudisha. Kama fundi anaweza kuingia juu ya dari, atandaze pamba ya kioo ya unene wa sentimita 10, avae glavu na barakoa, joto linalotoroka kwa juu litapungua kwa zaidi ya nusu. Na hii pesa hailali, Novemba bati likiwaka moto pamba hiyo hiyo inazuia joto lisishuke.

Ukishafanya hayo, ile kilowati 3 inakuwa kama 2 au pungufu, na tunaongea lugha nyingine kabisa.

Sasa hivi vitu ulivyoshauriwa. Joto chini ya sakafu ni zuri sana, miguu inapata joto, halichukui ukuta, halionekani, kwa nyumba inayoanza kujengwa sehemu ya baridi kali kama Makete ningelifikiria. Kwenu taili zimeshalala. Kulifunga maana yake kung'oa sakafu, kuweka kwanza kizuizi chini, bila hicho unapasha udongo wa Iyumbu, halafu waya au mabomba, halafu taili upya. Na la mabomba linalokaa ndani ya zege linachukua saa nyingi kupata moto, ni la kuwasha na kuacha siku nzima, nyinyi mnataka joto saa moja jioni na saa nne mnalala. Aliyekushauri anafikiria sifa ya nyumba, hafikirii mgonjwa wa baridi aliyepo.

Dohani hapana. Moto wa wazi ukutani sehemu kubwa ya joto inapanda na moshi, tena unavuta hewa ya ndani kwenda nayo juu, chumba kinapoa pembeni huku mbele kunaunguza. Jiko la chuma lenye mlango ni bora mara nyingi zaidi, ila kuni za Dodoma utazitoa wapi? Mkoa wenyewe mkavu, miti tunaipanda kwa kumwagilia, na serikali inasukuma watu watoke kwenye kuni na mkaa, lengo asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, sisi ndo tuanze kujenga dohani leo?

Hita ya gesi yenye matairi ninaielewa kwa nini inavutia, inawaka hata umeme ukikatika na ina nguvu, zile za sahani tatu zinafika kilowati 4 na kidogo. Lakini inachoma ndani na hewa yote chafu inabaki ndani, kila kilo ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na ikiwaka vibaya inatoa kaboni monoksaidi ile ile tuliyoikimbia kwenye mkaa. Ikiwaka zote tatu mtungi wa kilo 15 unakupa kama saa 50, ukiwasha saa tatu kwa siku huo umeisha kwenye wiki mbili na siku chache. Kwa mzee anayesinzia kwenye kiti, mi siwezi kukushauri.

Zimebaki za umeme. Hapa kuna kitu wauzaji hawapendi kukisema: hita zote za kawaida za umeme, ya feni, ya mafuta ile yenye mapezi, ya paneli ya ukutani, ya bei rahisi na ya bei mbaya, zote uniti moja ikiingia inatoka uniti moja ya joto. Hakuna ya "kubana matumizi" kati ya hizo. Zinatofautiana kelele, usalama, na joto linaenda wapi. Ya mafuta ni kimya na salama lakini inachelewa, ya feni inawahi lakini inapiga kelele na inapuliza vumbi, na zile za nondo nyekundu zinazowaka peupe karibu na pazia au mtoto sizitaki ndani ya nyumba ya mtu ninayemjua.

Kinachovunja hiyo sheria ni AC inayotoa joto. Haitengenezi joto, inalihamisha, inalichukua nje na kulileta ndani, hata nje kukiwa na 14 kuna joto la kutosha la kuchukua. Uniti moja ya umeme inaleta uniti tatu, nne za joto. Na sikia hii: huko Uingereza mashine hizo hizo wakati wa baridi kali zinaganda barafu nje na inabidi zisimame kidogo kuiyeyusha, hapa Dodoma kwa nyuzi 13 inafanya kazi kama iko likizo. Hali ya hewa yetu ni kama iliombewa kwa ajili ya hizi mashine. Halafu Oktoba na Novemba, ile nyuzi 31, 32 ya mchana, mashine ile ile unaigeuza inapoza. Radieta ingekuwa imekaa ukutani miezi tisa inakusanya buibui.

Ila dukani kuwa macho. AC nyingi zinazouzwa nchini ni za kupoza tu. Usiangalie remoti ukaona alama ya jua ukashangilia, remoti moja inatumika kwa modeli nyingi. Soma ile lebo ya pembeni ya mashine: lazima kuwe na mistari miwili, uwezo wa kupoza na uwezo wa kupasha. Ukikuta mmoja, hiyo siyo. Na iwe inveta, ambayo inapunguza mwendo badala ya kuwaka na kuzima.

Ukubwa, watu wanakosea hapa. AC zinapimwa nguvu kwa BTU, na kwa baridi yenu hata BTU 12,000 ingetosha, hiyo ni kama kilowati 3 na nusu. Lakini chumba chenye jiko, bati na milango ya vioo Oktoba kitaimeza hiyo kama haipo. Pima kwa Oktoba, usipime kwa Julai. Dari ikipata pamba na mapazia yakiwepo, 18,000, bila pamba mtasogea 24,000, na kwa sababu ni inveta Julai itashuka yenyewe ikanong'ona tu.

Pa kuifunga: mbali na jiko, mafuta ya kukaangia yanaziba chujio ndani ya wiki chache, na isimpulize bi mkubwa usoni, hewa ya Dodoma msimu huu ni kavu na ukiipasha inakauka zaidi, midomo inapasuka, macho yanawasha. Iwe juu ya ukuta mfupi ipulize kwa urefu wa chumba. Kwenye joto vibao vya hewa vielekee chini, kwenye kupoza vielekee juu, wengi hawabadilishi wanashangaa kwa nini kichwa kina moto na miguu ina baridi. Kama kuna feni ya dari, iendeshe taratibu kabisa kwa kuizungusha upande wa kinyume ikiwa ina swichi hiyo, inarudisha chini hewa ya moto iliyojaa juu. Mashine ya nje isitazamane na kusi, vumbi litaijaa mapezi. Na ikiwa kwenye joto utaona maji yanadondoka kutoka mashine ya nje badala ya lile bomba la ndani, usimpigie fundi usiku, ndo inavyotakiwa.

Pamoja nayo, kwa ajili ya bi mkubwa peke yake, ningeongeza paneli ya infraredi ya wati 600 mpaka 800. Hii ni kibao bapa, hakiwaki mwekundu, kinapasha watu na vitu vilivyo mbele yake bila kusubiri hewa ya chumba kizima ipate moto, ndo hisia ile ile anayoipenda kwenye mkaa, joto linalogusa ngozi moja kwa moja. Inafungwa ukutani au darini juu ya kona yake, isikae chini ya mita moja kutoka kichwani kwake, na ishikwe kwenye mbao za dari, si kwenye jipsamu tupu. Alfajiri akiamka kuswali wa kwanza ndani ya nyumba anabonyeza hiyo tu, hakuna haja ya kupasha mita za mraba 40 kwa ajili ya mtu mmoja. Kama bajeti ni finyu mwaka huu, anza na hii paneli na kuziba upepo, AC ije mwakani. Mpangilio huo nimeuweka makusudi: AC kwenye chumba kinachovuja ni kununua joto la jirani.

Umeme sasa. Kwa tarifu ya kawaida ya TANESCO, ile ya T1, ukishaweka kodi na makato, uniti inakuja shilingi 350 na kidogo. Chukua chumba kama kilivyo leo, kilowati 3, saa tatu kwa siku: hita za kawaida zinakula uniti 9, kama shilingi 3,200 kwa siku, karibu laki moja kwa mwezi. AC ya inveta kwa joto lile lile ni uniti mbili na nusu hivi, shilingi 900 na kitu kwa siku, elfu 28 kwa mwezi, na mkishaziba inashuka chini ya elfu 20. Paneli ya wati 800 kwa saa mbili ni shilingi 570 hivi. Kama bado mko kwenye ile tarifu ndogo ya D1 ya uniti 75 kwa mwezi, jueni chochote kati ya hivi kitawatoa huko, na nyumba yenye jiko la namna hiyo nadhani mlishatoka zamani.

Waya usizipuuze. Soketi ya kawaida ya amp 13 mwisho wake ni kama kilowati 3, na hapo jikoni tayari kuna birika, oveni na jiko la wali wanagombania laini moja. AC ipate laini yake peke yake kutoka kwenye DB (lile boksi la breka), breka yake, waya wa 2.5 (milimita za mraba) angalau, kwa ya 24,000 mi napenda wa 4. Hita yoyote isichomekwe kwenye eksitensheni, hata kama fundi anasema ni nene. Weka na gadi ya umeme inayochelewesha kurudi, maana umeme ukikatika na kurudi ghafla ndo unaoua bodi za inveta, na bodi bei yake si ya mchezo.

Mafundi wa AC wanabanwa kuanzia Septemba joto likianza, kwa hiyo kama mnaifunga, fungeni sasa hivi Juni, mtampata fundi mwenye muda wa kuvuta hewa yote kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu badala ya kuitoa kwa kufungua gesi kidogo na kukimbilia kazi nyingine. Hilo la pampu mwambie kabla hamjapatana bei, akikataa tafuta mwingine. Na kabla hujalipa dukani piga picha ile lebo ya pembeni ya mashine unitumie, nikuangalizie kama ule mstari wa pili upo.